Kununua Godoro la Lateksi Ukiwa Lamu: Likague Kabla Halijavuka Mokowe

Anayeishi Nairobi au Mombasa akinunua godoro, akalilalia siku mbili tatu na kiuno kikaanza kumuuma, anaweza kulipakia kwenye pikapu na kulirudisha dukani siku hiyo hiyo. Sisi wa Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, hatuna wepesi huo. Godoro likishasafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa, likashushwa Mokowe, gati la upande wa bara, likavushwa kwa boti, likapita usita wa mui, yaani vichochoro vya mji, vichwani mwa mahamali na hatimaye likasukumwa kupanda ngazi za nyumba ya mawe hadi orofa ya pili, gharama na usumbufu wa kulirudisha humfanya mnunuzi anyamaze na kulilalia kosa lake kwa miaka mingi. Kwa hiyo maelezo yote yanayofuata yanaelekea jambo moja: kila kinachostahili kuulizwa, kupimwa na kufunguliwa kifanyiwe upande wa bara, kabla ya godoro kuingia chomboni.

Haya yamenifika mwenyewe. Godoro langu la kwanza lililoitwa la lateksi nililinunua kwa picha na maneno matamu ya simu, nikalipa fedha zote kwa M-Pesa, na lilipofika nikalitandikia shuka bila kulitazama ndani. Baada ya miezi mitano au sita hivi, kiuno kilipoanza kuzama katikati kana kwamba nimelala ndani ya mtumbwi, ndipo nilipofungua zipu ya kava. Juu kulikuwa na tabaka la lateksi la unene wa inchi moja, lenye rangi ya krimu na matundu madogo madogo, na chini yake inchi saba za sponji ya kawaida iliyokuwa imeanza kulegea. Nilipoitafuta risiti nikakuta imeandikwa «godoro 5 kwa 6» tu, bila neno lateksi popote. Sikuwa na la kumwambia muuzaji, kwa maana hata yeye hakuwa ameandika uongo wowote.

Lateksi ni kitu gani

Lateksi ni utomvu mweupe, mzito kama tui la kwanza, unaogemwa kwenye mpira, mti ambao wataalamu huuita Hevea brasiliensis. Asili ya mti huo ni misitu ya Amazon, lakini tangu Henry Wickham alipochukua mbegu zake kutoka Brazil na kuzipeleka bustani ya Kew, London, mwaka 1876, kilimo chake kilihamia Asia, na leo sehemu kubwa ya mpira wa dunia hutoka Thailand, Indonesia na Vietnam, pamoja na Ivory Coast kwa upande wetu wa Afrika. Mgema wa mpira hukwangua gamba la mti kwa mshazari na kukinga utomvu kwenye kikombe, jambo ambalo mtu wa pwani aliyezoea kuona mgema juu ya mnazi halitampa shida kulielewa.

Utomvu huo hupigwa mpaka ukaumuka kwa povu, ukamiminwa katika kalibu, kisha ukaivishwa kwa joto pamoja na salfa ili ushikane na kuwa na unyumbufu wa kudumu. Kalibu yenyewe ina vijiti vingi vya chuma vinavyopitisha joto katikati ya povu, na vijiti hivyo ndivyo vinavyoacha yale matundu yanayoonekana juu ya lateksi. Namna za kuitengeneza ni mbili. Ya kwanza huitwa Dunlop na ilianza Uingereza mwaka 1929. Katika namna hii povu hujaza kalibu na kuivishwa moja kwa moja, na kwa kuwa chembe nzito huelekea kutua, upande wa chini huwa mgumu kidogo kuliko wa juu. Ya pili huitwa Talalay, ambapo povu hutiwa kwa kiasi katika kalibu, hewa ikanyonywa ili livimbe na kuijaza, kisha likagandishwa kwa baridi kali kabla ya kuivishwa, na matokeo yake ni lateksi nyepesi, laini zaidi, yenye hali moja kutoka juu hadi chini. Muuzaji atakwambia kwamba Talalay ni bora kwa sababu ni ghali. Mimi kwa hali ya nyumba zetu sioni sababu ya kuilipia zaidi, isipokuwa kwa tabaka la juu la mtu anayehitaji ulaini wa mabega. Kwa kiini cha godoro, Dunlop inatosha na hudumu sana.

Jambo linalowachanganya wanunuzi kuliko namna ya utengenezaji ni asili ya kilichomo. Kuna lateksi ya asili, inayotokana na mti. Kuna lateksi ya kiwandani, inayotokana na mafuta ya petroli na kujulikana kwa herufi SBR. Na kuna mchanganyiko wa hizo mbili. Zote huuzwa kwa jina moja la lateksi. Vilevile maneno «asilia mia kwa mia» hayana maana kamili, kwa kuwa hata lateksi iliyo safi kabisa hubeba sehemu ndogo ya salfa na viambato vingine vya kuiivisha. Jibu la kuaminika ni la muuzaji anayesema kwamba kiini cha godoro ni lateksi ya asili kwa asilimia 90 na kitu, akataja na kilichobaki ni nini. Anayejibu kwa kukupa sifa za usingizi badala ya asilimia, mrudishie swali lile lile mara ya pili, na akishindwa mara ya pili, shukuru na uende duka jingine.

Namna ya kulikagua dukani

Anza kwa zipu. Godoro la lateksi la heshima huwa na kava inayofunguka, na muuzaji anayejiamini hatakuzuia kuifungua na kutazama ndani. Ukiifungua, tazama ubavuni, maana ubavuni ndiko matabaka yanakoonekana: je, ni kipande kimoja cha rangi ya krimu kutoka juu hadi chini, au ni matabaka kadhaa yaliyogundishwa kwa gundi, yenye rangi na matundu yasiyofanana? Bonyeza kwa kidole gumba mpaka kizame, kisha uachilie ghafla. Lateksi hukirudisha kidole mara moja, kama mtu aliyeguswa akageuka. Sponji za kumbukumbu, zile zinazobakiza alama ya mkono, hujaa polepole. Nusa pia. Lateksi mpya ina harufu ya mpira yenye utamu kidogo, ambayo hupungua baada ya siku kadhaa za hewa, ilhali harufu kali ya rangi au petroli inayochoma pua ni dalili ya kukufanya uulize zaidi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mizani. Lateksi ya asili ni nzito: kwa kawaida ile ya Dunlop huwa na kilo 70 hadi 95 kwa kila meta moja ya ujazo, wakati sponji nyingi zinazouzwa madukani huwa kati ya kilo 16 na 35 tu. Chukua godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8. Kwa sentimita ni 152 kwa 183 kwa 20, yaani takriban meta za ujazo 0.56. Zidisha kwa 80 na utapata karibu kilo 45 bila kava. Sponji ya ukubwa huo huo, yenye kilo 30 kwa meta ya ujazo, haitafika hata kilo 17. Kwa hiyo kijana mmoja akilibeba godoro la inchi 8 kwa mkono mmoja huku akitabasamu, usilipe. Maduka mengi ya jumla yana mizani ya magunia, na ombi la kulipima halina aibu yoyote, mimi nilipoliomba kwa mara ya kwanza muuzaji alinitazama kidogo, kisha akasema, «Hebu tulipime, bwana, hata mimi nijue.»

Hata hivyo, uzito peke yake si ushahidi wa mwisho. Wako watengenezaji wanaochanganya unga wa chaki au wa udongo kwenye povu ili kupunguza gharama, na mchanganyiko huo hulifanya godoro liwe zito lakini lisilodumu. Sugua ubavu wa lateksi kwa kiganja, kisha utazame kiganja chako: ikiwa kimeingia unga mweupe, au ncha za lateksi zinameguka kama mkate uliolala, basi kile kizito ulichokipima si utomvu.

Vyeti navyo vina nafasi yake, mradi ujue kila kimoja kinasema nini. Cheti cha GOLS kinahusu lateksi iliyolimwa kwa njia ya kikaboni, na hutaka angalau asilimia 95 ya malighafi iwe ya aina hiyo. Cheti cha OEKO-TEX Standard 100 hakisemi chochote kuhusu uasili. Kinathibitisha kwamba bidhaa imepimwa na haikuonekana kuzidisha kemikali zenye madhara. Godoro la SBR tupu linaweza kubeba cheti hicho cha pili kwa haki kabisa, na muuzaji akakuonyesha kana kwamba ni ushahidi wa mti. Kila cheti kina namba, na namba hiyo hutafutwa kwenye tovuti ya waliokitoa. Picha ya nembo iliyobandikwa kwenye kava bila namba ichukulie kuwa ni pambo.

Iwapo wewe au mtoto wako ana mzio wa mpira, ule unaowasha ngozi au kubana kifua akivaa glavu za hospitali au akipuliza puto, zungumza na daktari kwanza. Lateksi ya magodoro huoshwa ili kupunguza protini zinazoleta mzio, na hukaa chini ya kava na shuka, lakini mwenye mzio mkali asijipe ruhusa mwenyewe.

Ulaini ni jambo moja, kuhimili ni jambo jingine

Wauzaji hupenda kuuliza, «Wataka laini au gumu?» Swali hilo halitoshi, kwa sababu mwili unadai vitu viwili kwa wakati mmoja. Unataka ngozi na viungo visibanwe, na huo ndio ulaini wa juu. Tena unataka uti wa mgongo ubaki katika umbo lake, kiuno kisizame wala kisining'inie, na huko ndiko kuhimili. Godoro la sponji nyepesi linaweza kuwa laini mno siku ya kwanza na lisihimili chochote baada ya mwaka. Uzuri wa lateksi, na sababu ya mimi kuipenda pamoja na bei yake, ni kwamba hukubali bega liingie na wakati huo huo husukuma juu pale kiuno kilipo.

Kwetu pwani wengi wamelelewa wakiamini kwamba mgongo mbovu dawa yake ni kulala pagumu, na wapo wazee wanaohamia kwenye mkeka sakafuni kila maumivu yanapowajia. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania ukiongozwa na Francisco Kovacs, ambapo watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya sehemu ya chini ya mgongo walipewa, bila kujua ni lipi, ama godoro gumu ama godoro la ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia la wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Utafiti huo ulihusu kiwango cha ugumu, haukuwa wa lateksi, lakini unatosha kumfanya mtu asikimbilie gumu kwa mazoea.

Anayelala ubavu anahitaji juu pawe laini zaidi, kwa maana uzito wake wote unabebwa na bega na nyonga. Anayelala chali atafaa na wastani. Anayelala kifudifudi anahitaji pagumu kidogo ili tumbo lisimvute kiuno chini. Mwili mzito hubonyeza zaidi, kwa hiyo lile ambalo kwa mtu wa kilo 55 ni la wastani, kwa mwenye kilo 100 litakuwa laini. Baadhi ya watengenezaji huandika kipimo cha ILD, ambacho hueleza nguvu inayotakiwa kuibonyeza lateksi kwa robo ya unene wake: namba za chini ya 20 ni laini, za kati ya 24 na 30 ni za wastani, na zinazozidi 32 ni ngumu. Namba hizo zikusaidie kulinganisha magodoro ya mtengenezaji mmoja. Kati ya watengenezaji wawili hazilingani sawasawa.

Kisha lala. Najua kwamba dukani mtu huona haya, hasa akina mama, na wengi wetu hukaa ukingoni, tukapiga godoro kwa kiganja mara mbili na kusema ni zuri. Kiganja hakina uti wa mgongo. Nenda na mtu wa kwenu, mume kwa mke au binti kwa mama, vua viatu, lala kama unavyolala nyumbani, na ukae hapo dakika zisizopungua 10 mpaka misuli ilegee. Ukiwa ubavu, mwenzako asimame nyuma yako atazame mstari kutoka kisogoni hadi kwenye nyonga: ukiwa umenyooka, godoro linakufaa, ukipinda kuelekea chini kiunoni, ni laini mno, bega likisukumwa juu na shingo ikajikunja, ni gumu mno. Ukiwa chali, pitisha mkono chini ya kiuno. Ukipita kwa urahisi na nafasi ikabaki, godoro halikufuati. Ukipita kwa kubanwa kidogo, ni sawa. Chukua na mto wako wa nyumbani ikiwezekana, kwa sababu mto wa dukani hubadilisha hesabu yote ya shingo.

Wanandoa wenye miili tofauti wasilazimishane. Yako magodoro ya lateksi ambayo ndani ya kava moja yana vipande viwili vya upande kwa upande, kila mmoja na ugumu wake, na ni afadhali kulipia hilo kuliko mmoja kuamka amechoka kila siku.

Kitanda chako na nyumba yako

Kabla ya safari, pima kitanda. Vitanda vingi vya Lamu vimechongwa na mafundi wetu wenyewe, na nafasi iliyo kati ya mfumbati na mfumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, haifuati futi za dukani. Pima kwa ndani, upana na urefu, kutoka kwenye kitakizo cha mchagoni hadi cha miguuni, na uandike kwa sentimita. Pima pia urefu wa kwenda juu. Kitanda cha matendegu marefu ukikiwekea godoro la inchi 10, mzee atahitaji kupanda kana kwamba anaingia jahazini, na chandarua kilichofungwa kwenye besera hakitafika tena chini ya godoro ili kikunjwe vizuri. Kwa vitanda vyetu, inchi 6 hadi 8 ninaona zinatosha.

Chini ya lateksi pawe imara na papitishe hewa. Chaga, yaani vipande vya mbao vinavyobeba godoro, ziwe nene, zisizonepa, na nafasi kati ya moja na nyingine isizidi inchi 3, la sivyo lateksi itaingia katikati na kujikunja. Kitanda cha kamba, kwa uzuri wake wote, hakikufanywa kwa ajili ya godoro la namna hii. Kamba zikilegea, godoro zito hulegea nazo na fedha yako yote inakuwa imenunua bembea. Mwambie fundi atie chaga juu ya mifumbati. Anayetumia ubao mzima wa plaiwudi autoboe matundu mengi, kwa sababu hewa yetu ina unyevu wa bahari mwaka mzima, na jasho la mlalaji likikosa njia hukutana na ubao baridi na kuzaa ukungu. Lateksi hustahimili ukungu kuliko pamba au sufi, lakini kustahimili si kinga. Kwa sababu hiyo hiyo kava iwe ya pamba au sufu, wala usikubali ile ya plastiki iliyoshonewa moja kwa moja. Lateksi yenye matundu hupumua, na joto la kaskazi litakuonyesha tofauti hiyo usiku wa kwanza.

Halafu pima mlango, daka (ukumbi mdogo wa mlangoni) na ngazi. Nyumba za mawe zilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na ngazi zake hupinda mahali ambapo godoro zima la kilo 50 halipindiki. Hapa nina ushauri ambao ningeupata mapema ungeniokoa mengi: nunua godoro la matabaka yanayotengana, kwa mfano kiini cha inchi 6 na tabaka la juu la inchi 2, yote yakiingia katika kava moja yenye zipu. Kila tabaka husafiri peke yake, kila moja hupita kwenye ngazi, na siku tabaka la juu litakapochoka au mwili wako utakapobadilika, utaagiza hilo moja tu. Kwa mkaaji wa Malindi, ambako lori hufika mlangoni, faida hii ni ndogo. Kwa mtu wa mitaa ya Mkomani au Langoni hapa Lamu ni kubwa kuliko jina lolote la kampuni.

Ambaye fedha yake haijafika, na bei ya lateksi ni mara kadhaa ya sponji, anaweza kuanza na tabaka la juu peke yake, la inchi 2 au 3, akalitandika juu ya godoro alilonalo. Sharti ni kwamba godoro hilo la chini liwe bado sawa. Lateksi juu ya shimo hufuata shimo.

Malipo, maandishi na safari

Risiti iandikwe kwa ukamilifu: lateksi, asilimia ya asili, namna ya utengenezaji, vipimo, unene wa kila tabaka na uzito. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo, lakini haki hiyo huwa nyepesi kudai pale maelezo yalipoandikwa. Soma dhamana kabla ya kulipa. Nyingi huandikwa miaka 10 au zaidi, lakini hutaja kina cha bonde kinachokubaliwa kuwa kasoro, na hufutika ikiwa godoro lina doa au liliwekwa juu ya kitanda kisichofaa. Uliza hasa: likitokea tatizo, nani analipa nauli ya kutoka Lamu? Jibu nalo liandikwe.

Lateksi ni imara kwa kulaliwa lakini huchanika kwa urahisi ikivutwa. Waambie mahamali wasiishike kwa vidole na kuivuta. Waitandikie shuka nzito au turubai chini na kubeba kwa kushika hiyo. Isikunjwe kwa nguvu, na kamba nyembamba zisiikate, hasa ikipandishwa punda au rukwama. Ifungwe kwa nailoni nzito dhidi ya maji ya chumvi chomboni, na isiachwe gatini juani ikisubiri mtu aliyekwenda kuswali adhuhuri. Iliyokuja imeviringishwa ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Usilianike juani

Tumekuzwa na magodoro ya pamba na sufi, na katika nyumba nzuri kila baada ya muda godoro hupandishwa juu, likaanikwa juani mchana kutwa, likapigwa fimbo mpaka likaumuka. Kwa lateksi, jua hilo ni uharibifu. Mwanga wa jua na joto huvunja mpira, ukageuka rangi, ukawa mgumu na kumeguka. Nyumbani kwa mamangu tabaka la juu lilianikwa na msaidizi wetu kwa nia njema kabisa, siku kadhaa za kaskazi mfululizo, na upande uliotazama jua ukawa wa manjano iliyokolea, ukiugusa unapukutika kama ganda la kaimati iliyokauka. Wakati wa kulipunga hewa, livue kava na shuka, lisimamishe chumbani kivulini, fungua madirisha, na uache upepo wa bahari ufanye kazi.

Adui wa pili ni mafuta. Mafuta ya nazi ya nywele na ya kuchulia mwili hupenya shuka na kuulegeza mpira, kwa hiyo tandika juu ya kava kitambaa kingine kizito cha pamba kinachofulika, na mto uwe na foronya mbili. Mtoto akikojoa, kausha kwa taulo kavu, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, wala usilitose godoro majini, kwani likishanywa maji hukauka kwa taabu sana na huweza kuchanika kwa uzito wake. Chetezo cha udi kisiwekwe chini ya kitanda. Lateksi hushika moto.

Katika miezi ya mwanzo ligeuze godoro kila mwezi, upande wa mchagoni uende miguuni, kisha kila baada ya miezi mitatu minne. Watu wawili wanatosha ikiwa ni la matabaka: toa la juu, zungusha la chini, rudisha la juu, funga zipu. Hapo ndipo pia utakapozitazama chaga, ukaone kama kuna iliyopasuka, na upapase kwa mkono upande wa chini wa lateksi kuhakikisha kwamba ni mkavu.